Kahesabu miaka ya fleti yako kabla hujalala leo

Hii ni ile hotuba yangu ya Jumamosi kwenye kikao chetu cha waswahili hapa London, nimeiandika vile nilivyoisema maana wengi mlifika nishamaliza (biriani lakini mliiwahi), na wengine mumenipigia simu mukiuliza mambo yaleyale.

Asalaam aleykum, shikamooni wazee wetu, na nyinyi wengine mambo vipi. Mwenyekiti kanipa dakika 20, na harufu ya jikoni naisikia kama nyinyi, kwa hivyo sitozunguka sana.

Mwenye fleti ya kununua, sio ya kupanga, anyoshe mkono. Mashallah, wengi. Sasa usiushushe kama unajua lizi yako, yani ule mkataba wa miaka ya kukaa kwenye fleti, imebakisha miaka mingapi. Ehe. Imebaki mikono minne, mmoja ni wangu, na yule mama pale namuona anamuuliza mumewe na mumewe anaangalia dari.

Ndo maana nimeomba kuongea leo.

Mimi ni wa Majengo, Mombasa. Watu wa kule munajua nyumba bila ardhi ni nini. Ukuta wako, mabati yako, mlango umechongesha kwa pesa yako, lakini udongo ulio chini ni wa mtu mwingine na kila mwezi wakala wake anapita na kitabu cha risiti. Marehemu babu alikuwa akimsikia anabisha hodi anaingia chooni, anatuachia sisi watoto tuseme hayupo. Basi nikaja Uingereza, nikafanya kazi, nikachukua mogeji, mkopo wa nyumba, nikanunua fleti kule Barking, nikampigia mama nikamwambia mama sasa nina nyumba. Kumbe nimenunua nyumba bila ardhi ileile, tofauti hii iko ghorofa ya pili na lifti yake mbovu.

Fleti karibu zote za England na Wales ziko hivyo. Jengo na kiwanja chake ni cha mtu au kampuni, wewe unachonunua ni haki ya kukaa kwa miaka iliyoandikwa, yaweza kuwa 99, yaweza kuwa 125, zingine 999. Ndugu zangu wa Tanzania nyinyi mna hati za miaka 33, 66 na 99 kwa hiyo hili halitawashangaza. Wale wa Glasgow mliopanda koch kuja huku mnaweza kwenda kunywa chai, Scotland hawana haya mambo, fleti ukinunua ni yako.

Sasa miaka hiyo inapungua. Kila mwaka unaopita unakatwa mmoja, na ukifika sifuri fleti inarudi kwa mwenye jengo. Si kwamba siku hiyohiyo unatupiwa virago nje, kwa kawaida sheria inakuruhusu ubaki kama mpangaji unalipa kodi ya soko, lakini ile mali uliyosema utawaachia watoto imeshaondoka. Mtu ananiambia, sasa bro, yangu imebaki miaka 76, mimi ntakuwa nishazikwa, wasiwasi wa nini? Sikiliza basi, manake na mimi ndivyo nilivyofikiria na imenigharimu.

Nilinunua 2006. Lizi ilikuwa ya miaka 99 kuanzia 1988. Fanyeni hesabu, ilikuwa imebaki kama 80 na kidogo. Wakili aliyenishughulikia alinitumia ripoti ya kurasa 14, ukurasa wa 11 chini kabisa kuna mstari mmoja tu, muda uliobaki takriban miaka 80. Basi. Hakusema 80 ina maana gani, hakupiga simu, na mimi nikasoma nikaona 80, aa miaka mingi hiyo, mimi nilikuwa na miaka 31. Nikasaini.

80 ndo ukuta wenyewe. Ukiipita kwenda chini, bei ya kurefusha lizi, yani kumlipa mwenye jengo akuongezee miaka, inaingizwa kitu wanachokiita thamani ya ndoa. Jina hilo sikulitunga mimi. Mara ya kwanza nimelisikia nilimuuliza mthamini, ndoa ya nani na nani? Akanieleza hivi: fleti yenye miaka michache ina bei yake, na haki ya mwenye jengo nayo ina bei yake, ukiziunganisha mbili hizi kwa kurefusha lizi inatokea thamani mpya kubwa kuliko zikiwa mbalimbali, sasa ile ziada iliyozaliwa na hiyo ndoa mnagawana nusu kwa nusu na mwenye jengo. Yani ni mahari, na anayelipa ni wewe peke yako. Ikiwa miaka inazidi 80 ile ziada inahesabiwa kuwa haipo kabisa, hulipi hata senti ya ndoa. Ikiwa 80 kamili au chini, unalipa.

Tuchukue mfano, hizi ni namba za mfano tu musije mkaniandama. Fleti ya paundi 250,000 ikiwa na lizi ndefu, kodi ya ardhi, ile unayomlipa mwenye jengo, paundi 100 kwa mwaka. Ikiwa imebaki miaka 81, unamlipa mwenye jengo fidia ya ile kodi atakayoikosa, inakuja kama 1,400, na fidia ya kusubiri fleti irudi kwake, kama 4,800. Jumla 6,200. Fleti hiyohiyo ikibaki na miaka 78, na tuseme mthamini kaona kwa lizi hiyo fupi ingeuzwa 232,000, ile ndoa inaingia na jumla inaruka mpaka kama 12,500. Miaka mitatu tu. Jikoni ni ileile, choo ni kilekile, umezeeka miaka mitatu na deni karibu limezidi maradufu.

Na hiyo ni 78. Mimi nilizinduka 2019, imebaki 68. Nilizinduka vipi, nilitaka kuhamisha mogeji kwenye benki nyingine yenye riba nafuu, nikajaza fomu zao zote, wakatuma mtu kukagua fleti, afu ikaja barua ya mistari mitatu, samahani lizi ni fupi. Nikajaribu benki ya pili, hivohivo. Kila benki ina kiwango chake, lakini ukishuka chini ya 70 nyingi zinaanza kukukwepa kama babu na yule wakala wa Majengo. Na kama benki haimkopeshi mtu kuinunua fleti yako basi huna mnunuzi ila mwenye pesa taslimu, na mwenye pesa taslimu anajua umebanwa. Kwa hivyo wewe unayesema utakuwa umezikwa, shida haingoji mpaka uzikwe, inakuja siku unataka kuuza au kubadilisha mogeji au kuchukua pesa kidogo umsomeshe mtoto.

Mwisho nilirefusha. Nililipa kama 22,000, na mawakili na wathamini wa pande zote mbili wakala kama 4,000 juu yake. Ndio, pande zote mbili. Kwa sheria ilivyo mpaka leo ninaposimama hapa, gharama za haki za wakili na mthamini wa mwenye jengo unalipa wewe unayeomba. Mama alivyosikia akaniambia si ungenunua kiwanja Mtwapa. Sikuwa na jibu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niombe hizi dakika 20, ni ile barua. Wengi wenu mumeipata au mtaipata. Inatoka kwa mwenye jengo au wakala wake, karatasi nzuri nzito, inasema mpendwa mteja, tunakupa nafasi ya kurefusha lizi yako kwa njia rahisi, bila gharama kubwa za wanasheria, jibu ndani ya siku 28. Yangu ilikuja 2016. Walitaka 8,000 tu. Jamani 8,000! Mke wangu akasema lipa tumalize. Na kwa kweli nilikuwa nimeshakaa na kalamu.

Kilichoniokoa ni mfungo. Ilikuwa Ramadhani, usiku sina usingizi baada ya daku, nikaisoma yote. Kwanza walikuwa hawaongezi miaka 90 ambayo sheria inakupa, walikuwa wanairudisha tu kuwa 99. Pili kodi ya ardhi ilikuwa inapanda kutoka 100 mpaka 250, na inazidishwa mara mbili kila miaka 10. Nikageuza bahasha nikaanza kuandika nyuma. 250. 500. 1,000. 2,000. 4,000. 8,000. 16,000. 32,000. 64,000. Muongo wa mwisho 128,000. Kwa mwaka! Nikamuamsha mke wangu saa tisa na nusu usiku nikamuonyesha bahasha, akaangalia akaniambia umekosea, nikamwambia hesabu wewe, akahesabu, akanyamaza. Ile bahasha ninayo mpaka leo.

Sasa ntakuwa mkweli, sheria imebadilika. Tangu tarehe 30 Juni 2022 lizi mpya za nyumba haziruhusiwi kuwa na kodi ya ardhi yenye pesa, na ukirefusha kwa makubaliano ya pembeni, ile miaka inayoongezwa haina kodi. Lakini miaka yako ya zamani iliyobaki wanaweza kuendelea kukudai kodi uliyokuwa unalipa. Na bado wanaweza kukupa miaka michache, na bado wanaweza kuchomeka vifungu vingine wakati lizi inaandikwa upya, ati ruhusa ya kufuga paka paundi kadhaa, ruhusa ya kubadilisha sakafu paundi kadhaa. Na siku yoyote kabla ya kusaini wanaweza kukwambia tumeghairi, au bei imepanda, na huna pa kuwashtaki.

Wenzangu wengine watakwambia ya pembeni ni haraka zaidi. Ni kweli, wakati mwingine ni haraka, na nishaona jamaa mmoja alipata bei nzuri kweli kwa sababu mwenye jengo alikuwa mzee mmoja muungwana tu anaishi jirani. Lakini mimi kwa maoni yangu, kama mwenye jengo ni kampuni, hiyo barua itie kwenye faili usiijibu mpaka uwe na mthamini wako na wakili wako mwenyewe, na hata hapo uwe na njia ya sheria mkononi ndo uongee nao.

Njia ya sheria ni hii. Kuna sheria ya 1993, inakupa haki, narudia haki, si hisani, ya kuongezewa miaka 90 juu ya ile uliyonayo, na kodi ya ardhi inakuwa punje ya pilipili manga. Wazanzibari msicheke, ndivyo ilivyoandikwa, punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, na kuitoa ni mpaka mwenye jengo aidai. Maana yake ni bure. Mimi lizi yangu ya 68 ikawa 158.

Unaanza kwa notisi. Wakili anaiandika kwa niaba yako, ndani yake unataja bei unayotoa wewe, na bei hiyo iwe na kichwa na miguu, ndo maana mthamini anatangulia. Usijiandikie mwenyewe kwa fomu umeitoa kwenye intaneti, kosa la jina au la tarehe linaweza kuiua notisi yote. Siku notisi inapofika, bei inagandishwa hapo. Hili watu hawalijui. Hata mazungumzo yachukue mwaka mzima, miaka inayohesabiwa ni ile iliyokuwepo siku ya notisi. Kwa hivyo mwenye miaka 80 na wiki tatu usilale, notisi ikifika kabla hujagusa 80, ndoa haipo.

Mwenye jengo lazima apewe angalau miezi miwili kujibu. Anaweza kukutaka uthibitishe fleti ni yako, na anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei uliyotaja, au paundi 250 kama hiyo ndo kubwa. Akijibu kwa bei yake, itakuwa ya juu, usishtuke, ni mnada wa Marikiti tu huo, wathamini wawili wanavutana. Mkishindwana unapeleka kwa baraza la mali, ile tribunali, lakini hapa ndo uwe macho na kalenda maana una dirisha, kuanzia miezi miwili baada ya jibu lake mpaka miezi sita. Ikipita sita hujapeleka na hamjakubaliana, notisi inahesabiwa umeifuta mwenyewe, na unakaa miezi 12 ndo uruhusiwe kuanza tena, na miaka inaendelea kukatwa. Kesi nyingi lakini haziendi mpaka mbele ya baraza, wanakubaliana njiani.

Na kama hajajibu kabisa? Basi hiyo ni bahati yako, mahakama inaweza kukupa kwa bei uliyoandika wewe, mradi uende ndani ya muda. Na kama mwenye jengo hajulikani aliko, amekufa, kampuni imefungwa, kuna njia yake mahakamani pia.

Zamani ilikuwa lazima umiliki fleti miaka miwili ndo uruhusiwe kutoa notisi. Hiyo ndo iliyonikata miguu mimi 2006, ila hata hapo palikuwa na dawa, wakili wangu angemwambia muuzaji atoe notisi yeye siku za mwisho kabla ya 80 afu anikabidhi pamoja na fleti. Jambo la kawaida kabisa, linafanywa kila siku. Sikujua kuuliza, na aliyelipwa kujua hakusema. Sasa ile miaka miwili imefutwa, tangu 31 Januari 2025 unaweza kununua leo na ukishasajiliwa ukatoa notisi.

Najua kuna swali linawawasha. Si kuna sheria mpya? Ipo, ilipitishwa tarehe 24 Mei 2024, na ndani yake kuna mambo mazuri sana: miaka 990 badala ya 90, thamani ya ndoa ifutwe, na ule mzigo wa kulipia wakili wa mwenye jengo upungue. Lakini kupitishwa ni kitu kimoja na kuanza kutumika ni kitu kingine, na hayo matatu bado hayajaanza. Wenye majengo wakakimbilia Mahakama Kuu kuipinga, wakashindwa Oktoba 2025, ila na serikali nayo haina haraka, na viwango vya hesabu waziri bado hajavitoa. Mimi ntakavyofanya kama ni mimi: nina miaka 95, nasubiri, sina presha. Niko 82, silali, natoa notisi mwaka huu. Niko 74 na sina mpango wa kuuza wala kubadilisha mogeji, hapo ni kamari, huenda sheria ikaanza na ukaokoa maelfu, huenda ukazidi kushuka, muulize mthamini akupigie hesabu za pande zote mbili afu uamue na familia yako. Mimi sio wakili, mimi naendesha basi namba 5, nimejifunza haya kwa kulipa.

Kabla hujalipa mtu yeyote lakini kuna shirika linaitwa Leasehold Advisory Service, linatoa ushauri bure, serikali ndo inalifadhili. Watu wanampigia simu ndugu yao wakili wa kesi za traffic huku ushauri wa bure uko pale. Na nakala ya lizi yako kama imepotea unaipata Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi, kwa paundi chache. Angalieni vitu viwili, ni ya miaka mingapi na inaanza lini, usiangalie mwaka ulionunua wewe, mwaka ulionunua hauna uhusiano. Jengo letu lote watu walikuwa wanahesabu kuanzia walipohamia, mmoja alikuwa anajiona ana 92 kumbe ana 70.

Maswali ntayapokea huku tunakula. Isipokuwa mzee wangu huyu wa mbele, maana amenyosha karatasi tangu nianze. Nipe niione baba. Miwani hii... kuanzia tarehe 24 Juni 1983, miaka 125. Mzee, wewe una zaidi ya 80, hongera, una nafasi, lakini sio nafasi kubwa. Hapana usiende kwenye foleni, watakuletea sahani hapa. Kaa tuandike tarehe.